Ukingo wa Majani wa Mama Uwizeye

Huko juu Masisi, mtu akitaka kujua kama ulilelewa vizuri haangalii nguo zako, anaangalia ukingo wa shamba lako. Kila shamba la mlimani lina mstari wa majani unaokata mteremko, matete au majani mengine yenye mizizi mingi, na mstari huo jembe haliugusi. Mvua ikipiga, udongo unateremka, unafika kwenye majani, unasimama hapo. Anayeng'oa majani ya ukingo ameharibu shamba la jirani yake wa chini, na jirani atakuwa mlangoni asubuhi, bila salamu. Nyirabagenzi alinieleza hayo mara nyingi tulipokuwa tukitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mara alimalizia kwa neno la baba yake: jembe lenye akili linajua pa kugeukia.

Nyirabagenzi huyo sisi tulimwita Mama Uwizeye, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa katika vilima vya juu ya Kitshanga, kwenye familia ya maharage na viazi. Mume wake, Mbonigaba, alikuwa akishusha maharage na jibini mpaka Mubi, ambako watu wa machimbo wana njaa kila siku, na mara nyingine alifika hadi kwetu Itebero, chini msituni, kutafuta mawese. Akifika alilala kwa baba mkwe wangu, Papa Albert, ambaye ni mwindaji na mtu wa maneno mengi. Mbonigaba alikuwa mtu wa maneno machache. Walipendana kwa sababu hiyo. Homa ilipomchukua Mbonigaba akiwa kwetu, Papa Albert ndiye aliyemzika, na Mama Uwizeye akashuka na watoto wake kuona kaburi. Akiwa bado kwetu, vita vikapita kijijini kwake. Habari zilizofika zilisema nyumba haipo, na waliokuwa majirani wako kambini, chini ya mahema.

Papa Albert akampa bonde.

Bonde lenyewe liko nyuma ya nyumba yangu. Ukisimama jikoni kwangu unaliona lote: kijito kinaingia upande wa juu, maji yanatawanyika kwenye tope, halafu yanakusanyika tena chini na kutoka kwenye mwanya mmoja kati ya mawe. Pembeni kuna kidimbwi cha yungiyungi. Mimi nina watoto wadogo na sikuwahi kulipenda bonde lile. Tope lake linashika mguu wa mtu mzima. Kwa hiyo nilikuwa nikilitazama kila saa, na mambo mengine niliyaona mapema kwa sababu hiyo tu.

Mama Uwizeye hakuogopa. Hakuwa amelima mpunga wa maji maisha yake yote, lakini alipopewa mbegu na wanawake wa kanisa aliuliza maswali siku nzima, kisha akaingia. Alichimba mfereji, akajenga matuta ya udongo ya kuzuia maji, akafunga ule mwanya wa chini kwa mawe na magogo. Alipandikiza miche kwa kamba, mstari kwa mstari, kama viazi vya kwao. Watu wa hapa walikuja kuangalia mistari ile. Sisi hutupa mbegu tu kwenye shamba lililochomwa, mpunga unaota utakavyo.

"Mama, huu mupunga uko pa masomo?" Papa Albert alimuuliza. "Mbona imesimama mustari kama wanafunzi?"

"Papa Albert, mwanafunzi mwenye kusimama vizuri, mwalimu anamuona," Mama Uwizeye alimjibu, bila kuinua mgongo.

Pembezoni mwa mfereji na juu ya matuta palikuwa na majani marefu ya maji, laini, yenye kulala juu ya maji kwa ncha zake. Hayo hakuyagusa. Aliyapalilia hata, akatoa magugu mengine katikati yake ili yashikane vizuri. "Hii njo itashika tuta yangu," aliniambia; njo kwa usemi wa huku ni ndiyo. Nilimwamini. Tuta lake lilikuwa zuri kuliko barabara ya kwenda Mubi.

Ugomvi ulianzia kwenye mwanya ule alioufunga.

Kwetu bonde lina wenyewe wawili. Udongo ni wa wanaume wa ukoo, samaki ni wa wanawake wa ukoo. Mvua zikipungua, wanawake wanaingia na vikapu, wanakata maji kwa tope na majani ya migomba, wanayachota mpaka chini kunabaki unyevu tu, halafu wanaokota kambare na kaa na vidagaa. Hakuna mwanamume anayesogea. Mama anamwachia binti yake sehemu yake ya kijito kama vile baba anavyomwachia mwana shamba. Hakuna aliyemwambia Mama Uwizeye jambo hilo, kwa sababu hakuna mtu hapa aliyewahi kuambiwa. Tumezaliwa tukilijua. Yeye alipoona wanawake wanakuja na vikapu, wakaanza kubomoa mawe aliyofungia mwanya, alidhani anaibiwa maji. Alisimama mbele yao na jembe. Kesho yake alizungushia mwanya matawi ya miiba.

Shangazi Pétronille, dada mkubwa wa Papa Albert, ndiye kiongozi wa wanawake wa bonde. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta anakunywa chai, akasimama.

"Albert, ulimupatia udongo ao ulimupatia na samaki?"

"Nilimupatia bonde," Papa Albert akasema.

"Bonde iko na samaki ndani. Siku ingine utaazima muntu nyumba yako, usahau muke wako amelala ndani."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye moto, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Papa Albert hakucheka. Alijua amekosea, na hakujua jinsi ya kumnyang'anya mjane wa rafiki yake kitu alichompa mbele ya watu.

Familia ikakaa. Walikaa mchana kutwa, na mwisho walikata hivi: Mama Uwizeye ataachiwa mpaka mavuno. Mpunga ukijaa, bonde ni lake kulima, na wanawake watatafuta kijito kingine. Mpunga ukishindwa, mwanya utabomolewa, bonde litarudi kuwa la samaki kama zamani, na yeye atafute pengine. Kila mtu alijua hilo pengine ni wapi. Ni kambini Kitshanga, kwenye hema. Mama Uwizeye alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipoulizwa kama amekubali, alisema, "Mupunga yangu itajaa." Halafu akaenda kuangalia maji.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri kwa ajili yake. Yeye alilala, aliniambia. Alilala kama mtoto.

Mpunga ulishika. Ulitoka rangi ya kijani inayofanya macho yapumzike. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikiwachunga watoto wangu wasisogelee maji, nikaona majani yanatembea.

Vilikuwa vipande vidogo vya jani, vimekunjwa kama sigara, vinaelea kati ya mashina. Upepo haukuwepo. Kipande kimoja kilifika kwenye shina, kikasimama wima, kikaanza kupanda. Nilimwita Mama Uwizeye. Akaingia majini, akakichukua, akakifungua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kiwavi cheupe, laini, chenye nyuzi nyuzi ubavuni kama matamvua ya samaki mchanga. Kiganjani pake kilijipinda na kutafuta maji.

Kuanzia hapo tukaona vingine vyote. Ncha za majani zilikuwa zimekatwa sawa, kama kwa makasi ya mshonaji. Majani mengine yalikuwa yamekwanguliwa upande mmoja yakabaki meupe, unaona mwanga kupitia kwayo. Upande wa chini wa shamba, ambako maji husukuma kila kinachoelea, mpunga ulikuwa umekuwa mfupi na mweupe kama ulioliwa na mbuzi. Asubuhi tulikuta vipepeo vya usiku, vile vinavyoitwa nondo, vidogo, vyeupe, vyenye alama za kahawia, vimelala chini ya majani. Ukitikisa shina vinaruka kidogo na kurudi.

Mama Uwizeye alifanya kile ambacho mtu wa mlimani anafanya. Aliongeza maji. Alisema mche ulioumizwa unahitaji kunywa, na maji mengi yatawazamisha wadudu. Alikaza mwanya wa chini, akaongeza miiba. Viwavi viliendelea. Kwa macho yangu viliongezeka.

Papa Albert alikuja, akatazama, akasema huenda ni samaki wanakata majani kwa hasira. Alitaka kuchekesha. Mama Uwizeye aliendelea kukagua majani, na Papa Albert akaondoka akikuna shingo. Habari ilizunguka. Kisimani niliwasikia wanawake wawili wakisema vikapu vitengenezwe. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama unavyosema mvua inakuja.

Siku ile Mama Uwizeye alikaa jikoni kwangu, akasema, "Mama Carmel, huku nani anajua viwavi?"

Carmel ni binti yangu mkubwa. Jibu nilikuwa nalo, na sikulipenda.

"Shangazi Pétronille," nikasema.

"Yule mwenye kutaka bonde."

"Njo yeye."

Hapa inafaa nieleze. Sisi watu wa msitu tunakula viwavi vya miti, na Shangazi Pétronille ndiye anayejua mti gani utatoa viwavi, na wakati gani. Sisi hatukipi kiwavi jina lake. Tunakiita kwa mti wake. Ukileta kiwavi nyumbani na hujui kilitoka kwenye mti gani, watakwambia ukitupe, kwa sababu huwezi kujua kama kinaliwa, wala utakipata wapi mwaka ujao. Swali la kwanza kwa kiwavi chochote ni hilo moja: kinakula nini?

"Tuende," Mama Uwizeye akasema.

"Sasa ivi?" Nilimwambia asubiri kwanza, tumtume mtu, tusije tukaonekana tumeshindwa. Pengine yule mama angefurahi kutuona hivyo.

"Mama Carmel, wewe unaogopa hata kivuli ya kuku," akasema, akajifunga kitenge.

Tulimkuta Shangazi Pétronille anasuka kikapu. Ndiyo, kikapu cha kuvulia. Hakukificha. Alitazama mkebe tuliokuwa tumebeba, wenye maji na viwavi na vipande vyao vya majani, akamimina kwenye beseni, akavitazama kwa muda.

"Hii inakula nini?" akauliza.

"Mupunga yangu," Mama Uwizeye akasema.

"Hapana. Mule bondeni mupunga umefika na wewe. Hii mududu iko mwenyeji. Mbele ya mupunga kufika, ilikuwa inakula nini?"

Mama Uwizeye aliinamia beseni kuvitazama upya. Hata mimi, niliyetazama bonde lile kila saa, sikuwa nimeona. Shangazi Pétronille aliweka kikapu pembeni. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba anataka bonde. Ana uso fulani akikutana na kiwavi asichokijua, uso wa mtu aliyeona mgeni anapita njia ya nyumbani kwake bila kusema hodi.

Tulirudi naye. Alizunguka bonde lote akichuma majani: jani la yungiyungi, jani la mmea wenye majani mapana kama ya magimbi, jani la ndago, jani la mpunga, na ncha ndefu ya yale majani laini ya ukingoni. Kwenye yungiyungi alisimama akaniita. Jani lilikuwa na tundu la mviringo, na chini yake tukakuta kiwavi kingine, kimejificha kati ya vipande viwili vya mviringo vilivyoshonwa pamoja kama mkate.

"Angalia," akasema. "Huyu naye anakata jani, anajifanyia nyumba. Lakini ni mwingine. Wa kule anakunja sigara, wa huku anashona mufuko."

Alivitia vyote ndani ya mabeseni mawili, viwavi vya mpunga upande mmoja, kile cha yungiyungi upande mwingine, kila beseni na majani ya kila aina. Akafunika kwa nyungo. "Asubui tutaona nani anakwenda kwa nani," akasema. Akalala kwangu, maana hakutaka mtu mwingine afunue.

Asubuhi tulifunua sote watatu. Kiwavi cha yungiyungi kilikuwa kimehamia kwenye yungiyungi tu, na mpunga hakikuugusa. Katika beseni jingine, yungiyungi lilikuwa zima, lile jani pana zima, ndago imekwanguliwa kidogo mwishoni. Mpunga ulikatwa. Na yale majani ya ukingoni yalikatwa zaidi ya mpunga, yamekatwa sawa kwa makasi yale yale. Viwavi vingine vilikuwa vimeshatupa nguo zao za mpunga na kujikunjia mpya za jani lile laini.

Shangazi Pétronille aliinua ule mmea kwa vidole viwili, maji yakidondoka.

"Hapa njo kwao," akasema. "Hii majani iko wapi mingi?"

Kutoka pale tulipokuwa tumesimama ulionekana ukingo wa Mama Uwizeye, mnene, mzuri, umepaliliwa, unazunguka shamba lote, ncha zake zimelala juu ya maji ya mpunga. Alikuwa amewajengea nondo nyumba na kuwafagilia njia mpaka mlangoni.

Mama Uwizeye aliuangalia ukingo wake. Halafu alicheka, kicheko kifupi.

"Baba yangu angenipiga," akasema. "Sijui kwa kuuacha ao kwa kuung'oa."

Akachukua jembe. Alipofika kwenye tuta alisimama kidogo, jembe juu, na nilijua anasikia neno la baba yake. Kisha akaling'oa shina la kwanza. Uwizeye akaja, nami nikaja, hata mimi niliyekuwa siingii tope lile. Hatukuyatupa majani. Mama Uwizeye alisema majani hayana kosa, yamekosa mahali tu, na tukayabeba mpaka juu kwenye mteremko mkavu wa nyuma ya nyumba yangu, ambako mvua ilikuwa ikinichimbia ua kila mwaka. Tukayalundika hapo mstari kukata mteremko. Mengi yalikauka, maana ni majani ya maji. Yakashika udongo hata hivyo, na baadaye akapanda matete juu yake. Ua wangu sasa hauondoki na mvua.

Lakini viwavi vilivyokuwa ndani ya shamba vilibaki ndani. Tulipomaliza ukingo, Shangazi Pétronille alikuwa bado amekaa juu ya jiwe langu, anatazama zile sigara zinaelea.

"Nyumba yao umebomoa," akasema. "Sasa wako pa njia. Na njia yao ni maji. Angalia, hakuna anayetembea kwa mguu. Maji ikitoka, wote wanalala pale pale, fasi walipo. Ile nyuzi ya ubavuni ni ya kupumua ndani ya maji. Mududu ya namna ile haiwezi kukaa pa jua."

"Unataka nibomoe mwanya," Mama Uwizeye akasema.

"Mimi sitaki kitu. Bonde iko ya nani mpaka mavuno? Iko yako."

Walitazamana. Kubomoa mwanya ndiko kulikuwa kushindwa, hivyo ndivyo familia ilivyosema: mpunga ukishindwa, mwanya utabomolewa. Wanawake wangekuja na vikapu, watu wote wangeona maji yanatoka na samaki wanaokotwa, na kuanzia siku ile nani angekumbuka kwamba mavuno bado? Isitoshe mvua zilikuwa zimepungua. Maji yakitoka na kijito kikikataa kujaza tena, mpunga ungekauka wote, wenye viwavi na usio na viwavi. Nilimvuta Mama Uwizeye kitenge. Nilimwambia tuokote viwavi kwa mkono, mimi na yeye na watoto, kimya kimya.

"Tutaokota mpaka Noeli," akasema. Akamgeukia Shangazi Pétronille. "Maji ikae inje siku ngapi mupaka wafe?"

"Mupaka tope ianze kupasuka. Ikipasuka kidogo, funga. Usingojee ipasuke sana."

"Na kijito itajaza tena?"

"Hii kijito nimeichota tangu niko na meno ya maziwa. Haijakosa kurudi."

Mama Uwizeye alitazama mistari yake. Halafu akasema jambo ambalo naliandika hapa kama lilivyokuwa, kwa sababu baadaye watu walilisimulia kwa namna nyingi.

"Basi ita wanawake. Waje na vikapu. Samaki ni yao. Lakini watembee kati ya mistari, na mwenye kukanyaga mupunga yangu nitamupanda yeye pa fasi yake."

Bega la Shangazi Pétronille likaanza kutikisika, na nikagundua anacheka.

Walikuja asubuhi iliyofuata, wanawake wengi, na mabinti zao. Mama Uwizeye mwenyewe alitoa miiba. Alitoa gogo la kwanza, na maji yakaenda yakiimba kati ya mawe. Waliweka vikapu vyao kwenye mwanya, vikasimama imara, na samaki wakaanza kupiga mikia ndani. Wengine waliingia kati ya mistari, wakachota maji kwa masufuria kutoka chini kwenda juu ya tuta, wakiimba kama wanavyoimba siku zote. Mistari ile iliyochekwa iliwapa njia. Hakuna aliyekanyaga. Uwizeye alikuwa akitembea nyuma yao na fimbo kama mwalimu, na wanawake wakawa wanamwita Madame Directrice, mwalimu mkuu.

Upande wa chini, ambako kila kinachoelea hukusanyika, zile sigara zilijaa kwenye vikapu pamoja na samaki. Walizimwaga kwenye ungo, wakazipeleka kwa kuku. Kuku wa Itebero hawajawahi kula vile. Papa Albert alisimama mbali, juu kabisa, maana si mahali pa mwanamume, akapiga kelele kuuliza kama yupo kambare wa kumpa kaka.

"Kaka alipeana bonde," Shangazi Pétronille akamjibu. "Kambare ataomba kwa mwenye alimupatia."

Jioni Mama Uwizeye alimpelekea kambare mmoja, mkubwa, kwenye jani la mgomba.

Siku za tope zilikuwa mbaya kwangu. Kila nikitazama niliona mpunga umeinama, na mbingu safi, bila wingu. Mama Uwizeye alikuwa akienda asubuhi kugusa tope kwa kidole, kama unavyogusa ugali kujua kama umeiva. Vile vinyumba vya majani vilikauka, vikawa vyepesi, ukivifungua ndani mna kitu kama uzi mkavu. Mchwa na siafu walivipitia. Tope lilipotoa mstari wake wa kwanza, mwembamba kama unywele, Mama Uwizeye alifunga mwanya. Kijito kilirudi polepole. Kilichukua muda mpaka nikaacha kuangalia, na siku niliyoacha kuangalia ndiyo siku maji yalipofika kwenye mstari wa mwisho.

Mpunga ulitoa majani mapya. Yale yaliyokatwa yalibaki na ncha zake butu, lakini katikati yake yalipanda mengine, kisha mashina yakaongezeka, na kufikia hapo mmea ulikuwa mgumu kwa kiwavi. Upande wa chini haukujaa kama upande wa juu. Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, alipita kutoka Mubi barabara ilipofunguka, akasema wamefanya vizuri, akaongeza jambo ambalo hatukulijua: mwaka ujao miche ikae zaidi kwenye kitalu, ihamishwe ikiwa imekomaa kidogo, nondo hawatapata majani laini ya kuanzia. Mama Uwizeye alimuuliza maswali mpaka akachelewa pikipiki yake.

Mavuno yalipokwisha familia ilikaa tena. Sehemu iliyojaa ilikuwa kubwa, sehemu iliyopungua ilionekana pia, na mzee mmoja wa ukoo alianza kusema kwamba kwa maneno yaliyokatwa ni vigumu kujua kama mpunga umejaa au umeshindwa. Papa Albert alikuwa anatafuta la kusema. Shangazi Pétronille akamtangulia.

"Mulisema mupunga ikijaa, siye tutafute kijito ingine. Siye hatutaki kijito ingine. Mulisema ikishindwa, yeye aende. Siye hatutaki aende. Yeye akikosa kulima, ile majani itarudi, bonde itakuwa vichaka. Siye tukikosa kuchota, wadudu watarudi, yeye atakosa mupunga. Sasa ninyi munakata nini?"

Yule mzee akasema basi hakuna la kukata, na akaomba chai.

Ndiyo hali mpaka leo ninapoandika. Mama Uwizeye analima bonde. Mpunga ukishashika, anapeleka neno kwa Shangazi Pétronille, na wanawake wanakuja na vikapu. Hakuna miiba. Matuta yake ni udongo mtupu, amepigilia kwa nyayo, na bado kila akipita hunyoosha mkono kama mtu anayetaka kushika kitu kilichokuwa hapo. Nondo hawajaisha. Jioni nawaona wakiruka juu ya kidimbwi, na mmea ule laini ukitokea tena kwenye mfereji Uwizeye anautoa. Kiwavi cha yungiyungi tumekiacha na yungiyungi lake.

Juzi mvua ya mwisho ya msimu ilipiga usiku kucha, na asubuhi nilitoka kuhesabu watoto wangu na kuangalia kama ua upo. Nilimkuta Mama Uwizeye amesimama kwenye ukingo wa matete nyuma ya nyumba yangu, anatazama udongo mwekundu uliosimama nyuma ya mizizi, umejaa mpaka juu.

"Unaona?" akaniambia. "Huku njo fasi yake."

Kisha akashuka kufungua mwanya, kwa sababu wanawake walikuwa wameshafika na vikapu.